Mkaza Mwana wa Jilala

Mzee Jilala alianguka zizini asubuhi, wakati wa kukamua. Limi, mke wa mwanawe, alikuwa upande wa pili wa ua wa minyaa akipepeta mtama. Alisikia kibuyu cha maziwa kikipasuka na ng'ombe wakirudi nyuma kwa kishindo. Alipofika alimkuta mzee amelala ubavu samadini, mdomo umekwenda upande, mkono na mguu wa kuume vimelegea kama si vyake.

Limi hakumgusa. Alikimbia kumwita Maganga, jirani yao. Hakufanya hivyo kwa moyo mgumu. Katika nchi ile mkaza mwana na baba mkwe hawagusani. Mwanamke hapiti mbele ya mkwewe aliyeketi, hali naye chungu kimoja, wala hamkazii macho anaposema naye. Tangu aolewe na Ngassa, Limi alikuwa akimwekea mzee chakula chini, akipiga goti na kuondoka. Na mzee alikuwa akikohoa kila anapotaka kuingia uani, ili ampe nafasi ya kujisitiri. Miaka yote hiyo hawakuwahi kukosana hata siku moja. Heshima ile ndiyo iliyokuwa mapenzi yao.

Ngassa mwenyewe hakuwapo. Miaka ile habari za dhahabu ya Geita zilikuwa zimewatia vijana wazimu. Wazungu walikuwa wakipasua mwamba, na kila aliyekuwa na nguvu za kushika sururu alifunga mzigo akaenda. Ngassa alisema anakwenda kwa msimu mmoja tu, na sasa ulikuwa wa tatu. Mama yake alikwisha fariki. Dada yake, Mbuke, alikuwa ameolewa Kagongwa, mwendo wa kutwa kwa miguu. Basi nyumbani palibaki mzee, Limi, na Nyamizi, binti mdogo wa Limi, ambaye bado alikuwa wa kubebwa mgongoni.

Mwanzoni Maganga ndiye aliyemwogesha mzee. Alikuja alfajiri kabla ya kwenda shambani, akajifungia naye ndani, na Limi akangoja nje na chungu cha maji ya moto. Lakini mvua zilipoanza kila mwanamume aliingia shambani kwake. Maganga akaanza kuchelewa, kisha akawa anakuja siku moja moja, kisha akamtuma mama yake, bibi Mageni, kuja kuomba radhi.

"Mwanangu analima, mayu," alisema Mageni, akimwita kwa lile neno la heshima ambalo Wasukuma huwaita wanawake. "Mvua haimngoji mtu."

"Sasa nani atamwogesha, mama?"

Mageni alitazama chini. "Wewe una mikono."

Siku hiyo mzee alishinda katika uchafu wake mpaka alasiri, maana Limi hakuweza kuvuka kizingiti. Alipovuka, alikuwa amejifunika kitambaa usoni. Alipapasa kama kipofu, akachovya tambara, akafuta, akachovya tena. Hakumwona mzee, lakini alimsikia. Alikuwa akilia.

"Nisamehe, mama Nyamizi," alisema kwa ulimi mzito.

"Nisamehe mimi, baba."

Limi alipotoka alikwenda nyuma ya ghala akasugua mikono kwa majivu mpaka ikawaka, wala si kwa ajili ya uchafu.

Kitambaa kile hakikudumu. Huwezi kumgeuza mtu aliyekuzidi uzito huku umefumba macho. Limi alijifunza kumwinua kwa kumkumbatia kifuani, kumwosha mapaja, kumpaka samli mgongoni mahali palipoanza kuwa pekundu. Kila kitu alichofundishwa na mama yake kwamba ni haramu, sasa alikifanya kabla ya kunywa uji wa asubuhi. Watu wakajua. Kisimani wanawake walinyamaza alipofika. Mmoja alimwuliza kwa kicheko kama siku hizi ana waume wawili.

Dresa wa dispensari alipita kijijini kwa baiskeli akichanja watu ndui. Limi alimsihi aje amtazame mzee. Alikuja, akamfunua macho, akambana nyayo, akatoka nje akinawa mikono. Mageni alikuwapo.

"Huyu hatapona," dresa alisema. "Anaweza kukaa hivi mwezi, anaweza kukaa miaka. Mgeuzeni mara kwa mara. Na ulimi wake utazidi kuwa mzito. Mwenye neno la kuzungumza na mzee wake, azungumze sasa."

Alipokwisha kwenda, Mageni alimshika Limi mkono. "Neno hilo usilirudie popote."

"Si langu, mama. Amelisema dresa."

"Dresa amepanda baiskeli amekwenda. Mkaza mwana akisema mkwewe hatapona, watu hawatauliza kalisikia kwa nani. Umesahau yule mwanamke wa upande wa Ushetu aliyesingiziwa uchawi? Walimkuta asubuhi kisimani, na mapanga hayakumwachia hata uso wa kumzika."

Limi hakusahau. Kila mwanamke wa nchi ile alikuwa na habari moja ya namna hiyo, ya mtu aliyemjua kwa jina.

Mvua zikaendelea. Limi alilima kipande kilichokuwa karibu na nyumba, akarudi kumgeuza mzee, akaenda kulima tena. Palizi ilimshinda. Shamba la mbali, alilozoea kulilima na wenzake wa zamu kwa ngoma na nyimbo, liliingia nyasi mpaka ukashindwa kuona mtama. Nyamizi alipata homa na Limi hakuigundua mpaka mtoto alipoanguka mlangoni. Alisahau kusuka nywele, alisahau kula. Alikuwa akiketi kumenya viazi vya kukausha michembe, akashtuka kisu kimesimama mkononi na jua limehama. Akaanza kuwa na mawazo. Alimwonea wivu Ngassa, akamwonea wivu mama mkwe aliyekuwa kaburini, akamwonea wivu hata ng'ombe aliyeugua kwato akaachwa alale malishoni.

Mbuke alikuja kutoka Kagongwa, na khanga mpya kiunoni na kifurushi cha sukari. Aliingia kumsalimu baba yake. Alipotoka alikuwa ameziba pua.

"Ana kidonda mgongoni kinachoingia ngumi!"

"Najua, wifi. Ninakiosha kwa maji ya chumvi."

"Unakiosha? Baba yangu anaoza na wewe unasema unakiosha?"

"Basi kaa," Limi alisema. "Kaa hata mpaka mwezi mchanga, tusaidiane. Au mchukue. Nitamtafutia watu wa kumbeba mpaka Kagongwa."

Mbuke alimtazama kama aliyetukanwa. "Mzee ana boma lake, halafu akafie uani kwa mkwewe? Mume wangu atanionaje? Na Ngassa atasema nimemwibia baba." Kisha akalia kilio cha kweli, akasema ana watoto wadogo na mume asiyevumilia. Kesho yake alirudi Kagongwa. Sukari waliimaliza upesi. Mzee aliipenda katika uji.

Halafu ikafika siku ile ya uji.

Mzee alikuwa ameanza kukataa chakula. Alikuwa akifunga meno, uji ukamwagika shingoni, na Limi akawa na kazi ya kumwosha upya. Mageni alikuwa amemwambia mgonjwa haulizwi uji, ampe tu. Basi asubuhi ile Limi alimbana taya kwa mkono mmoja na kumtia kijiko kwa mwingine. Mzee akapaliwa, akatema, uji wa moto ukamrukia Limi machoni. Kabla hajajua analofanya, mkono wake ulikwisha mpiga mzee kofi shavuni.

"Kufa basi!" alipiga kelele. "Kufa! Unangoja nini?"

Mlangoni alisimama Mageni, na bakuli la maziwa. Aliliweka chini taratibu akaondoka.

Limi aliketi sakafuni. Alitaka kulia, chozi halikuja. Aliyesema alikuwa mzee.

"Umechoka," alisema. Alikuwa akiyasukuma maneno kama mtu anayesukuma jiwe. "Mimi nimechoka zaidi. Njoo hapa karibu. Tuzungumze habari ya kufa kwangu."

"Baba, usiseme hivyo."

"Nani atasema? Nataka uwaite wazee, na mwanangwa, mkuu wa kijiji, awepo. Niwaambie kwa kinywa changu. Nisibebwe tena kupelekwa kwa mganga yeyote. Nimekwisha zunguka kwa waganga ujanani, nawajua. Nisilishwe kwa nguvu. Nifie hapa, ndani ya nyumba hii. Na niwaambie wewe umenitendea nini. Nikifa bila kusema, watakuonea."

Limi aliziba masikio kwa viganja, kama mtoto. Alisikia moyoni sauti ya Mageni na mapanga ya Ushetu. Mkaza mwana kwenda kwa mwanangwa kuitisha kikao cha kifo cha mkwewe, mwanawe mwenyewe hayupo! Wangesema anamharakisha. Wangesema anataka ng'ombe.

"Ngassa atakuja, baba. Nimempelekea habari na wale waliorudi Geita. Yeye ndiye mwanao, utamwambia yeye."

"Ngassa," mzee alisema, na jicho lake zima likafumba.

Alilirudia ombi lile mtama ulipotoa masuke. Alilirudia tena ndege waliposhuka kula mtama na Limi kushinda jukwaani akiwatupia mawe. Kila mara Limi alijibu vile vile: Ngassa atakuja. Na kila mara alipokwisha jibu, alihisi nafuu fupi, kama mtu aliyeuhamishia mzigo bega la pili. Ngassa kweli alituma jibu. Alisema atakuja wakimaliza shimo walilokuwa nalo, akatuma na khanga. Limi aliikunja akaitia chini ya mgongo wa mzee, maana matambara yalikuwa yamekwisha.

Baadaye mzee aliacha kuomba. Limi alidhani ametulia. Alichelewa kutambua kwamba si kutulia. Maneno yalikuwa yakimponyoka moja moja. Kwanza yalipotea majina ya watu, kisha ya vitu, kisha asubuhi moja alisema jambo refu, akitaabika nalo mpaka jasho likamtoka, na Limi hakuambulia hata neno. "Sema tena, baba." Akasema tena. Limi aliinama mpaka sikio likagusa ndevu zake. Ilikuwa sauti tupu, kama maji yanayogugumia ndani ya mtungi.

Hofu iliyompata hapo ilikuwa kubwa kuliko hofu yote ya nyuma. Alimfunga Nyamizi mgongoni, akaenda moja kwa moja kwa mwanangwa.

Walikuja wazee watatu, na mwanangwa wa nne, na Maganga akaja nyuma yao kwa sababu ya ujirani. Waliketi kwenye vigoda wakizuia pumzi kwa ile harufu. Limi alipiga goti mlangoni.

"Mzee ana maneno ya kuwaambia," alisema.

Jilala aliwatambua. Machozi yalimtoka. Alianza kusema, akiwanyooshea mkono wa kushoto mmoja baada ya mwingine, kwa bidii ya mtu anayeona kivuko kinaondoka. Ba, ba, wa, ba. Wazee walitega sikio. Walitazamana.

"Anasema nini?" mwanangwa aliuliza.

"Anasema asipelekwe kwa mganga," Limi alijibu. "Anasema asilazimishwe kula. Anataka kufia hapa nyumbani kwake."

Mzee mmoja alisafisha koo.

"Hayo yote ameyasema sasa hivi?"

"Aliyasema zamani, ulimi ulipokuwa wake."

"Mbele ya nani?"

Limi alimtazama mgonjwa.

"Mbele ya nani, mayu?"

"Mbele yangu."

Mwanangwa alimwinamia mgonjwa. "Jilala, ndugu yangu. Maneno ya huyu mtoto ni yako?"

Mzee alitikisa kichwa kwa nguvu, akakitikisa tena, mbele na nyuma na upande, na mkono wake ukapiga kitanda. Ilikuwa ndiyo? Ilikuwa siyo? Limi alijua ilikuwa ndiyo. Lakini aliziona nyuso zile, akajua kwamba wao hawakuona ndiyo. Waliona mtu aliyefungwa kinywa akipapatika, na mkaza mwana wake akimsemea kwamba asitibiwe na asilishwe.

"Tutamngoja mwanawe," mwanangwa alisema akiinuka. "Habari ya kufa kwa mtu haisemwi na mke wa mwanawe."

Mwana huyo alikuja mtama ukiwa umekwisha ingia ghalani, ule kidogo uliopatikana. Ngassa alikuwa amekonda, anakohoa vumbi la mwamba, na amezoea kusema kwa sauti kubwa kama wachimbaji wanavyopigiana kelele mashimoni. Alipomwona baba yake alianguka magotini akajipiga kichwa kitandani. Limi hakuwahi kumwona akilia, na kwa kitambo akampenda tena.

Lakini majuto ya mtu aliyekuwa mbali hayakai kimya. Hutafuta kazi ya kufanya. Kabla jua halijatua Ngassa alikwisha panga. Huko Geita alikuwa amesikia habari za mganga mkubwa wa upande wa Ushetu, aliyewanyoosha waliopooza. Kesho yake wangemweka mzee juu ya machela, vijana wanane kwa zamu.

"Hataki," Limi alisema. "Ngassa, nisikilize. Alikataa mwenyewe. Alitaka kufia hapa."

"Aliyasema haya mbele ya nani?"

Swali lile lile. Limi aliona aibu kurudia jibu lile lile, kwamba alikuwa peke yake.

"Nimemkuta baba mifupa mitupu," Ngassa alisema, "ana shimo mgongoni, na mke wangu ananiambia nimwache afe. Watu wameniambia njiani, nikakataa kusadiki."

"Watu hao walikuwa wapi nilipokuwa nikimgeuza? Na wewe ulikuwa wapi?"

Ngassa hakumpiga. Alitoka nje akakaa zizini na ng'ombe.

Asubuhi walipomwinua mzee kumweka kwenye machela, mkono wake mzima ulishika nguzo ya mlango. Ulishika kwa nguvu ambayo hakuna aliyeitarajia. Maganga alijaribu kuuachisha, akashindwa, akamgeukia Limi kwa macho ya kuomba. Na Limi, kwa kuwa alimjua, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyejua pa kumgusa ili asiumie, alikuja akamfungua vidole kimoja kimoja. Mzee alimtazama. Machela ikatoka.

Hawakufika Ushetu. Siku ya pili, katika mbuga yenye mbung'o, mchukuzi wa nyuma aliona mguu wa mzee unaning'inia vibaya. Walimtua. Alikuwa amekwisha poa. Wakageuka na safari ile ile, jua likiwaka, na watu waliokutana nao njiani walijitenga mbali na ule uvundo.

Alizikwa kama anavyozikwa mwenye mji wa Kisukuma, ndani ya zizi lake, amevikwa ngozi ya dume lililochinjwa asubuhi hiyo. Watu walijaa. Walikuja hata wale waliokuwa hawajapiga hodi tangu siku alipoanguka. Wakala nyama, wakasema Jilala alikuwa mtu. Mbuke aligaragara chini. Limi alitwanga, akapika, akachota maji, na hakuna aliyemwambia pole.

Baada ya matanga Ngassa aliita mpiga ramli. Kuku alichanwa, mtaalamu akasoma matumbo yake kwa kijiti, akasema kifo kimetoka ndani ya ua wala hakikutoka nje, kwa mtu asiye wa damu ya mji huu. Kisha wazee wakauliza kama kuna aliyesikia neno lolote. Mageni alikuwa ameketi na wanawake. Hakutaka kusema. Aliulizwa mara mbili, na alikuwa mwanamke asiyejua kusema uongo.

"Nilimsikia akimwambia afe," alisema, akaanza kulia. "Alikuwa amechoka. Mimi namjua, alikuwa amechoka tu."

Nusu ya pili hakuna aliyeisikia.

Asubuhi Ngassa alimkuta Limi jikoni. Hakuingia, alisimama nje ya kizingiti kama mgeni.

"Nenda kwenu leo," alisema. "Vijana wananong'ona. Nikienda zangu Geita sitaweza kukulinda."

"Na wewe unasema ni mimi?"

Ngassa alikwangua kizingiti kwa kidole cha mguu. "Sisemi ni wewe. Sisemi si wewe."

"Nyamizi?"

"Ng'ombe wa mahari walifika kwenu wote. Mtoto ni wa hapa. Mbuke atamlea."

Limi alitandika khanga chini kuweka vitu vyake, akakuta havijazi. Nyamizi alikuwa amelala bado. Mageni alimsindikiza mpaka penye njia ya Shinyanga. Walipoachana, bibi yule alitaka kumshika mkono, na Limi akauficha mkono wake ndani ya nguo. Hakuwa na hasira naye. Hakutaka tu kuguswa na mtu.

Kaka yake alimpokea bila maswali, akampa kibanda nyuma ya ghala. Kule kijijini kwao walikwisha sikia. Wanawake walimwita kwenye palizi, lakini hapakuwa na aliyemwita mahali penye mgonjwa, wala kwenye nyumba ya mwanamke aliyejifungua. Alilima, akala, akalala. Mwanamume mmoja aliyefiwa na mke alikuja kumwulizia, kisha hakurudi.

Mvua za pili zilipopita alishindwa kuvumilia, akaenda Kagongwa. Alifika mchana. Nyamizi alikuwa nje na watoto wa Mbuke, wakicheza mchangani. Alikuwa amerefuka. Alipomwona mgeni amesimama aliinuka, akapiga goti kwa adabu, akamwamkia kama anavyoamkiwa mpita njia: "Mwadila, mayu." Limi akaitikia. Mtoto akarudi mchangani.

Mbuke alitoka ndani. Limi alitazamia kufukuzwa. Badala yake Mbuke alimletea kigoda na kata ya maji, akaketi karibu yake kivulini mwa ukuta. Alikuwa amezeeka ghafla. Walikaa hivyo, wakitazama watoto.

"Wifi," Mbuke alisema baadaye, sauti ikiwa chini, "nataka kukuuliza. Sikuulizi kwa ubaya. Baba alitaka nini? Tulimtendea tofauti na alivyotaka?"

Limi aliweka kata chini. Kwa mwaka mzima alikuwa akilingoja swali hili. Alikuwa akijibu peke yake shambani, kwa sauti, mpaka wenzake wakamtazama. Alifungua kinywa. Akaona kile kitanda, akaliona lile jicho, akajisikia mwenyewe akiziba masikio. Nisibebwe, alisema mzee. Nisilishwe. Alisema hivyo? Au hayo ni maneno ambayo Limi alikuwa ameyarudia mara nyingi mno, kwa wazee, kwa Ngassa, kwa mahindi shambani, mpaka hakubaki na uwezo wa kujua ni lipi lilitoka katika kinywa cha mzee na lipi lilitoka katika uchovu wake mwenyewe? Maana yeye pia alitaka aende. Alitaka sana.

"Sijui, wifi," alisema.

Mbuke alitikisa kichwa polepole. Limi alikunywa maji yaliyobaki, akashukuru, akaondoka akiwa bado na mwanga wa kutosha kwa safari ya kurudi.